Sweta Lisilofuliwa

Kapseret, 18 Mei 2025

Jepchumba,

Wewe mjukuu wangu, umepotelea wapi? Miezi tisa! Mwanamke anabeba mimba na kujifungua kwa muda huo, na wewe huko Kibwezi hujabeba kitu ila visingizio. Desemba ulisema mabasi yamejaa. Aprili ukasema una semina. Semina gani inakula Pasaka nzima? Bwana Yesu alikuwa ameshatoka kaburini, wewe hujatoka seminani.

Simu sitaki. Kwa simu unasema, "Niko sawa Kogo, mtandao unasumbua," halafu unapotea. Karatasi haipotezi mtandao. Anayeandika ni Edinah, jirani yetu mshonaji. Mimi nasema, yeye anaandika, Jumapili baada ya kanisa, na nimemwonya asininyooshee maneno. Barua itakuja kwa basi pamoja na kibuyu cha mursik. Kibuyu nirudishie.

Sisi tu wazima. Goti langu la kushoto linatabiri mvua kuliko redio. Mulongo wetu wa kazi za shamba amenunua gambuti mpya, sasa anatembea shambani kama chifu anayekagua mpaka. Kuku mwekundu ameangua tisa. Paka amezalia ndani ya kapu la Edinah, juu ya gauni la bi harusi, na harusi ni Jumamosi ijayo. Edinah anasema hilo nisiseme. Nimesema.

Sasa nisikie. Pasta ameniambia unafundisha watoto kitu kinaitwa saikolojia. Nikamuuliza, kwani huko shuleni wendawazimu wamezidi? Akasema hapana, ni elimu ya akili, hata akili nzima. Mimi nauliza: kama ni nzima, unaifundisha nini? Nieleze kwa maneno ya mtu ambaye hakukaa darasani hata siku moja.

Na mimi pia nina jambo la akili, ulitatue. Lile sweta lako la kijani la shule, uliloliacha kwenye msumari wa zizi. Nalivaa nikikamua. Bila hilo sweta Chairlady haachilii maziwa hata tone. Anageuza shingo ananitazama kama karani aliyefunga dirisha. Nikilivaa tu, maziwa yanashuka. Kijiji kizima kinanicheka, mwanamke wa miaka sabini na minne, nembo ya shule kifuani. Hiyo ni saikolojia, au ni kiburi cha ng'ombe?

Kogo wako


Kibwezi, 2 Juni 2025

Kogo mpendwa,

Salamu nyingi, chamgei sana. Mursik ilifika salama, ila walimu wenzangu waliionja wakidhani ni maziwa ya kawaida, si ya mgando. Mmoja bado hajanisamehe. Nisalimie Mulongo na gambuti zake, nisalimie Edinah na pole kwa gauni, nisalimie kuku mwekundu na paka. Pasta mwambie asante kwa kunitangaza.

Kogo, nisamehe kwa kukaa kimya. Kazi ni nyingi, madaftari yanafika hadi kidevuni.

Saikolojia ni hivi. Kuna mambo ambayo mtu anayafanya kila siku bila kujiuliza kwa nini. Anasahau jina la mtu lakini anakumbuka harufu ya nyumba yake. Anaogopa mbwa wote kwa sababu ya mbwa mmoja. Sisi tunajiuliza kwa nini, halafu hatuamini jibu mpaka tumelijaribu. Ni hivyo tu. Mwalimu mkuu, Bwana Waweru, amenipa kipindi kimoja, Ijumaa alasiri, na kidato cha pili. Ni majaribio mpaka mwisho wa muhula wa tatu. Watoto wakionekana wanapoteza muda, kipindi kitarudi kwa hesabu.

Siku ya kwanza kijana anaitwa Byron aliinua mkono: "Mwalimu, unaweza kusoma ninachofikiria?" Nikamwambia, "Unafikiria chakula." Darasa likapiga kelele. Kogo, ilikuwa saa tisa na hawakuwa wamekula tangu saa saba. Hata wewe ungejua.

Nimewafundisha habari ya Mrusi mmoja wa zamani. Alikuwa anawapa mbwa wake chakula, na kila mara kabla ya chakula anapiga mlio fulani. Baada ya siku nyingi akapiga mlio bila chakula, na mbwa wakadondokwa na mate vilevile. Mlio na chakula vilikuwa vimefungwa pamoja kichwani mwao. Nikaona wamesinzia. Basi nikatoa barua yako, nikawasomea habari ya sweta. Kogo, hakuna aliyesinzia tena! Wanasema ng'ombe wako ni mbwa wa Mrusi, na sweta ndio mlio. Wanaomba uendelee kuwaandikia.

Wako mtiifu,
Jepchumba


Kapseret, 22 Juni 2025

Jepchumba,

Nimepokea kibuyu. Umekiosha kwa sabuni. Nani alikufundisha kuosha kibuyu kwa sabuni? Sasa mursik itanukia bafu mpaka Krismasi.

Hapa mvua inanyesha, mahindi yamefika magotini, mahindi ya Edinah yamefika kiunoni na anajidai. Harusi ilifanyika. Bi harusi alitembea taratibu sana na watu wakasema ni adabu. Alikuwa anaficha doa.

Huyo Mrusi wako, hao mbwa aliwapa chakula mwishowe, au alibaki anapiga mlio tu? Hukuandika. Mtu akisimulia habari ya mnyama aliyeitiwa chakula, lazima aseme kama alikula.

Lakini nimemwelewa, hata nimemjaribu. Nimemtumia Mulongo. Si unajua Mulongo akisikia mfuniko wa sufuria anatoka shambani hata kama jembe liko hewani? Basi Jumatatu nikapiga mfuniko saa nne asubuhi, hakuna chakula. Akaja. Nikamwambia nilikuwa naua nzi. Jumanne akaja. Nikamwambia nzi wamerudi. Jumatano akaja mpaka katikati ya njia, akasimama, akanitazama. Alhamisi hakuja. Nikafurahi, nikasema tazama, kamba kati ya mfuniko na ugali imekatika! Saa saba nikapika ugali na mboga ya isageti, nikapiga mfuniko. Hakuja. Nikapiga tena. Hakuja. Chakula kikapoa, ikabidi nimfuate mpaka kwenye viazi na goti hili. Akaniambia, "Mama, mimi sitishwi na nzi." Siku tatu nzima sasa namwita kwa jina. Waambie watoto wako kufunga ni rahisi, kufungua pia ni rahisi, lakini kurudisha imani ya mtu mwenye njaa ni kazi.

Jambo moja. Umemsalimia Mulongo, umesalimia kuku, umesalimia hata paka aliyeharibu harusi. Chairlady hukumsalimia. Halafu umeandika "ng'ombe wako". Wangu tangu lini? Nani alimpa hilo jina kwa sababu anapenda kutangulia wenzake? Edinah amesoma hapo mara mbili, nikamwambia asome mara ya tatu.

Wala hukuuliza kwa nini alianza kunyima maziwa.

Kogo wako


Kibwezi, 7 Julai 2025

Kogo mpendwa,

Pole kwa kibuyu. Nasikia baridi ya Julai imeshika huko, funga goti lako vizuri.

Mbwa walikula, Kogo. Nimehakikisha.

Habari ya Mulongo niliwasomea Ijumaa na Bwana Waweru akachungulia dirishani kuona kelele ni za nini. Byron anataka kujua nzi walikuwa wangapi. Hicho ulichokifanya na mfuniko kina jina kwenye vitabu: kufifia. Mlio ukija mara nyingi bila chakula, kamba inalegea. Umekifanya kwa siku nne bila kitabu. Nimewapa kama zoezi, na wengi wameandika kwamba mwanasaikolojia mkuu wa Kenya anaishi Kapseret.

Kuna msichana anaitwa Linet. Anakaa nyuma, hasemi, anachora tu pembeni mwa daftari. Wiki iliyopita aliinua mkono mara ya kwanza tangu nianze: "Mwalimu, tunajuaje ni sweta? Labda ni rangi. Labda ni harufu. Labda ni Kogo mwenyewe." Nilitaka kumkumbatia! Hilo ndilo somo zima. Ukitaka kujua sababu, badilisha kitu kimoja tu, vingine viache vilivyo.

Kwa hiyo darasa limepanga majaribio matatu na wanakuomba kwa heshima. La kwanza, Mulongo avae sweta akamue yeye. La pili, wewe uvae nguo nyingine ya kijani. La tatu, ufue hilo sweta kwa sabuni mpaka harufu iishe, kisha ulivae. Uandike kila mara maziwa yalikuwa kiasi gani.

Nimejaa kazi, naomba niishie hapa. Nisalimie wote.

Jepchumba


Kapseret, 27 Julai 2025

Jepchumba,

"Nisalimie wote." Sawa. Nimemwambia Chairlady kwamba huenda yumo ndani ya wote.

Sisi wazima. Edinah amepata oda ya sare za kwaya, cherehani inalia mchana kutwa. Vifaranga wamebaki saba, mwewe ni mwewe.

Waambie watoto majibu yao haya.

La kwanza. Mulongo alikataa. Nikamwambia ni kwa ajili ya elimu ya nchi. Akakubali. Mikono ya sweta ikaishia kwenye viwiko na kitovu kikabaki nje kwenye baridi. Akakaa, akaanza. Chairlady akaachilia, nakuambia ukweli, mpaka robo ya ndoo! Halafu akageuza shingo, akamwona Mulongo, akamtazama juu mpaka chini, akafunga. Mguu ukapiga ndoo. Mulongo anasema hata mke wake hajawahi kumtazama hivyo.

La pili. Nilivaa gauni la kijani la Edinah. Hakuna tone. Na Edinah akakasirika kwa sababu ya mavi ya ng'ombe, kwa hiyo hasara ni mbili.

Kwa hiyo rangi si kitu. Harufu inaanza kazi, macho yanamaliza. Huyo Linet ana kichwa, mtunze. Watu wanaochora pembeni wanaona mengi.

La tatu, sifui.

Hakuna jua.

Kogo wako

Edinah anaongeza: Jepchumba, jua lipo. Tumeanika mahindi ya mwaka jana wiki nzima. Nilimwambia nitalifua mimi mwenyewe, akasema bomba limekauka. Bomba halijakauka.

Kogo tena: Nimemwambia anisomee alichoandika, akasema ni salamu. Mimi sijasoma lakini si mjinga. Shule zinafungwa wiki hii. Njoo. Nimeshakukatia mboga za managu.


Kapseret, 24 Agosti 2025

Jepchumba,

Kesho shule zinafunguliwa. Managu nilipika mara tatu. Mara ya tatu nilimpa Mulongo.

Kila nikisikia boda ikipunguza mwendo kwenye kona natoka nje. Nimetoka nje wiki tatu, na sasa watu wa boda wananipungia mkono. Wanadhani nawasalimia.

Mimi ni mzima. Wote ni wazima.

Kogo wako


Kibwezi, 20 Septemba 2025

Kogo mpendwa,

Nimeanza barua hii mara nne. Chamgei. Natumaini mahindi yamekomaa na goti limetulia.

Wiki iliyopita nilifundisha somo la kukwepa. Nikawaambia hivi. Mtu aliyeumia mahali fulani huanza kupita njia nyingine. Anapopita njia nyingine anapata nafuu, anapumua. Ile nafuu ndiyo inayomdanganya. Inamwambia, umeona, ulifanya vizuri kutopita kule. Kesho anakwepa tena, na hofu inanenepa, kwa sababu hajawahi kurudi kuona kama bado kuna kitu cha kuogopa. Nikauliza nani ana mfano. Byron akataja hesabu, watu wakacheka. Halafu Linet, bila kuinua mkono, akasema taratibu tu: "Kama mwalimu na likizo."

Niliwaambia wafungue ukurasa wa thelathini. Hakukuwa na ukurasa wa thelathini, kitabu hatuna. Nikatoka nje nikasimama nyuma ya tangi la maji mpaka kengele.

Ngoja niseme. Agosti ile ya mwaka jana ulikwenda kumwona dada yako Ainabkoi ukaniachia boma. Uliniambia, "Ukiona wingu limeshika upande ninakokwenda, ingiza ndama ndani." Nililiona. Lakini siku hiyo ndiyo ilikuwa ya mwisho ya kutuma maombi ya kazi, hii kazi, na nilikuwa kwenye kompyuta za saiba pale sentani madukani, na mashine ilikuwa polepole. Nikasema dakika tano. Mvua ya mawe ikaja nikiwa bado nabonyeza. Nilikimbia, lakini nilimkuta amefungwa pale pale kwenye ua, ameinamisha kichwa, hata hakulia. Baada ya siku tatu akafa kwa kifua.

Uliporudi hukusema neno. Hata moja. Ulichukua kisu ukaenda ukaanza kumchuna, asubuhi nzima mgongo wako uko upande wangu. Nilikuita mara mbili. Hukuitika. Wewe, ambaye hata mbuzi wa jirani akipita unamwambia kitu! Nikajua kuna makosa ambayo hayana hata tusi la kutosha. Kesho yake niliondoka, nikaacha sweta. Kazi nimeipata kwa ndama wako. Kila mwisho wa mwezi nalikumbuka hilo.

Nafundisha watoto wa watu mambo ya moyo, na mimi siwezi kuja kusimama kwenye zizi la bibi yangu. Sasa umejua.

Jepchumba


Kibwezi, 25 Oktoba 2025

Kogo,

Zaidi ya mwezi sasa. Niliuliza ofisi ya basi, wanasema barua yangu ilichukuliwa. Kwa hiyo umeisomewa.

Shule imefungwa jana, nimebaki kusimamia mitihani ya kidato cha nne mpaka Novemba 21. Bwana Waweru alikaa nyuma ya darasa Ijumaa iliyopita, mikono kifuani, kipindi kizima. Mwisho akauliza swali moja tu: "Sasa hilo sweta lilifuliwa au halikufuliwa?" Darasa zima likasema, "Hakuna jua!" Akacheka mpaka akavua miwani. Kipindi kimebaki. Mwaka ujao ni viwili.

Nilitaka wewe ndiye wa kwanza kujua. Ukiwa na hasira, nitumie hiyo hasira. Usininyamazie tena.

Jepchumba


Kapseret, 9 Novemba 2025

Jepchumba, mtoto wa mtoto wangu,

Mimi ni mzima, goti ni bovu, Edinah amemaliza sare za kwaya na soprano mmoja hawezi kupumua ndani ya yake. Mahindi tumevuna. Vifaranga saba wamekuwa kuku saba wenye kiburi. Hongera kwa vipindi viwili. Nilipiga kigelegele kimoja, Mulongo akaja mbio akidhani ni chakula. Kamba imerudi.

Nilichelewa kujibu kwa sababu nilikuwa natafuta maneno, na mimi sina mazoea ya kuyatafuta, huwa yananingojea mlangoni. Sasa kaa chini.

Ndama alikufa kwa uzembe wako. Nimesema. Nilikupa kazi moja ukaiacha kwa sababu ya mashine. Haya, limeshasemwa, umekufa? Hujafa. Edinah ameliandika na kalamu haikuvunjika.

Sasa la pili. Wewe ni mwalimu wa mambo ya akili, umesomea, una cheti kwenye kioo, na hukuweza kumsoma bibi mmoja aliyeshika kisu! Mama yangu alitufundisha hivi: ndama akifa, unamchuna upesi, unajaza ngozi nyasi kavu, unamsimamishia mama yake amlambe, maziwa yasikatike. Na unapoifanya kazi hiyo hakuna kusema. Hata neno. Ng'ombe asisikie sauti ya mtu anayemjua ikitengeneza uongo wake. Ukiitwa huitiki. Ndivyo mama alivyofanya, na nyanya yake alifanya hivyo. Kwangu hakuna ndama aliyekufa tangu uzaliwe, kwa hiyo ungeona wapi? Nilipomaliza, nikanawa, nikaja nyumbani nikuambie niliyokuwa nimeyahifadhi asubuhi nzima. Yalikuwa mengi, usidhani mimi ni malaika, hasira ilikuwa imejaa mpaka masikioni. Nilipanga nikugombeze mpaka ugali uive, halafu tule. Ukawa umejifungia chumbani. Nikasema kesho. Kesho nikaenda kukata nyasi, nikarudi nikakuta kitanda kimetandikwa.

Kwa hiyo ile ngozi. Chairlady aliilamba siku nne, akatoa maziwa vizuri. Siku ya tano mbwa wa Edinah akaikokota mpaka barabarani, nyasi zikamwagika njia nzima, na watu wa boda wakapita juu ya kichwa cha ndama wangu. Edinah anasema hakuwa mbwa wake. Alikuwa mbwa wake. Asubuhi ile Chairlady akafunga maziwa, akawa analia kwenye ua. Kulikuwa na baridi, nikachukua kitu cha kwanza kilichokuwa kwenye msumari. Akanusa mkono wa sweta. Akashusha kichwa. Akaachilia.

Ng'ombe aliyefiwa, Jepchumba, harufu iliyomtuliza ni yako. Yeye hakukwepa. Wewe mwenye elimu ndiye uliyekwepa.

Sasa la tatu, na hili lipeleke kwa huyo Linet, kwa sababu mimi sijui jambo hili linaitwaje. Tangu Julai mwishoni Chairlady alikuwa akiachilia maziwa bila sweta. Nililisahau ndani siku moja, nikakamua mpaka mwisho, ndoo ikajaa, ndipo nikajiona. Nikarudi ndani nikalivaa. Nikalivaa na kesho yake. Katikati ya Oktoba nimemkausha, maana atazaa Desemba, ile mimba aliyopandishwa Machi. Hakamuliwi kabisa. Sweta liko mwilini mwangu hata sasa hivi nikisema maneno haya, na mikono yake imetoboka. Jua lilikuwepo. Bomba lilikuwa na maji. Andikeni hilo kwenye ubao mtafute kamba imefungwa wapi na wapi.

Edinah anafuta macho, anasema ni moshi. Moto haujawashwa leo.

Basi. Mitihani inaisha tarehe 21. Ukishuka kwenye boda usipitie mlango wa mbele, usianze na chai, usianze na mimi. Pitia nyuma, nenda moja kwa moja zizini, msalimie Chairlady kwa jina lake, kwa sauti. Utalala chumba kile cha karibu na zizi mpaka azae. Wingu likishika upande wa Ainabkoi, utajua la kufanya, na simu hiyo utaiweka ndani ya sufuria yangu kubwa, nitaifunika mimi mwenyewe.

Na uje na sweta lako. Hili silivui.

Kogo wako